Kwa Khainza, Baada ya Zamu ya Usiku

Nimekuona, Khainza, kila asubuhi
tunaposhikana mikono kabla ya kupokezana wodi:
sala ikifika kwenye neno Baba
midomo yako hufungika,
kisha unaturudia kwenye mkate wa kila siku
kama mtu aliyeruka dimbwi.

Sikulaumu. Najua kidogo.
Najua aliondoka na lori la mahindi kwenda Juba
ukiwa darasa la tatu,
na mama yako akaendelea kumwekea sahani
miaka miwili.

Sina mahubiri. Nina kisa cha juzi tu,
ulipokuwa likizo, mvua ikaifunika Wanale
hata mgeni asingejua Mbale ina mlima.

Akaja Wamimbi, muuza mkaa wa Nakaloke,
kucha nyeusi, alinawa mikono mara nne
na bado akaogopa kugusa mlango.
Mkewe alikuwa hajazinduka.
Mtoto ana kilo moja na robo,
mwepesi kuliko kopo la mkaa wake.

Saa tisa usiku umeme ukakatika.
Jenereta ikakohoa, ikanyamaza.
Kisanduku cha joto kikaanza kupoa.
Nikasema, "Baba, vua shati."
Akageuka kutazama nyuma yake
ni nani ninayemwita.

Nikamfunga mwanawe kifuani kwa kitenge cha mkewe,
ngozi kwa ngozi.
Usilale, nikamwambia. Usilalie ubavu.
Wewe pumua tu.

Unawajua watoto hawa.
Husahau kupumua.
Hunyamaza ghafla, midomo ikageuka zambarau,
nasi tukakimbia kuwasugua nyayo.
Yule alisahau mara mbili, nilihesabu,
na mara zote mbili, kabla sijamfikia,
kifua kile kikapanda, kikashuka,
kikapanda,
na mwana akakumbuka.
Hakukemewa. Hakuulizwa kwa nini.
Alifuata pumzi iliyokuwa karibu naye.

Alfajiri pua ikamwasha Wamimbi.
Hakuthubutu kuinua mkono.
"Sista," akanong'ona, "nikune."
Nikamkuna, tukacheka bila sauti,
mtoto akitikisika juu ya kicheko kile
kama yai juu ya pamba.

Hapo nikakufikiria.

Simfanyi Wamimbi kuwa Mungu. Ana madeni,
na ipo siku atamfokea mtoto huyuhuyu
kwa ajili ya kalamu iliyopotea.
Ila aliniambia kwamba yeye naye
hakuijua sura ya baba yake.
Sasa joto lile alilitoa wapi?
Mtu hagawi asichopewa.
Basi kipo chanzo juu zaidi ya baba zetu,
kama Mto Manafwa: ukiyakuta maji machafu darajani,
usiitukane chemchemi.

Na mtoto, Khainza, hakulitamka jina la aliyembeba.
Hakushika hata ncha ya kitenge.
Yeye ndiye aliyeshikwa.
Kwa hiyo kesho, neno likikuchoma bado,
liruke. Na keshokutwa liruke.
Fundo halilegei kwa sababu hiyo.

Uliniuliza uende chuo Kampala
au ubaki na mama na shamba la kahawa.
Sijui, mwenzangu. Nimekuombea, sikuonyeshwa ramani.
Nadhani wengi wetu hatuonyeshwi.
Tunapewa pumzi moja ya kufuata,
halafu nyingine.
Kaa karibu ya kutosha kuisikia.

Umeme ulirudi saa kumi na mbili,
taa ikatuumiza macho.
Kisanduku kikapata moto, nikanyoosha mikono
nimrudishe mtoto mahali pake.
Wamimbi, shingo imemkakamaa, macho mekundu,
akarudi nyuma hatua moja.
"Mwache kidogo, Sista," akasema.
"Mahali pake ni hapa."